Uwanja Usio na Ukuta

Mji wetu wa Mlolongo haukupewa jina lake na chifu wala na mzee wa ukoo, bali ulipewa na malori. Kwa kuwa hapa, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, iliwekwa mizani ya kupimia uzito wa mizigo, na madereva waliotoka bandarini na shehena zao za ngano, mbolea na vyuma wakalazimika kusimama mmoja nyuma ya mwenziwe, saa kwa saa, na pengine usiku kucha, hata watu wakazoea kusema "pale penye mlolongo", na neno lililokuwa la kueleza hali likageuka kuwa jina la mahali. Waliokuja kuwauzia wasafiri chai na chapati wakajenga vibanda, wenye vibanda wakajenga nyumba za kulala wageni, na katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja nyanda zile za Athi, zilizokuwa malisho ya nyumbu na pundamilia, zikawa mji wa maghorofa, makanisa, misikiti na masoko. Ni mji uliozaliwa na kungoja, na hata leo mgeni ashukaye hapa jioni hupokelewa kwanza na mngurumo wa injini zilizosimama.

Walakini barabara hii hii, inayowafundisha subira watu wa mizani, ina habari nyingine iliyo kinyume kabisa cha kusimama, nayo ndiyo niliyokusudia kuisimulia. Kabla malori hayajaupa mji jina, na kwa miaka mingi baada ya hapo, barabara ya Mombasa ilikuwa mojawapo ya milango ya uwanja uliopita kwa ukubwa viwanja vyote vya mbio za vyombo vya moto nilivyopata kuvisoma, uwanja usiokuwa na ukuta, wala lango la kulipia kiingilio, wala majukwaa ya kukalia isipokuwa kingo za barabara, vichuguu vya mchwa na matawi ya migunga. Na mashindano yaliyochezwa ndani yake yaliitwa Safari.

Msomaji ataifahamu vema ajabu ya uwanja huo akianza kwa kuutazama ulio mkabala nao. Katika nchi za Skandinavia, hususan Sweden na Denmark, uko mchezo wa pikipiki unaochezwa ndani ya kiwanja cha duara ya yai, juu ya udongo uliosagwa ukalainika: wapanda pikipiki wanne huanza pamoja, huzunguka mara nne kwa kuelekea mkono wa kushoto, na kwa muda wa dakika moja hivi mambo yamekwisha, wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho harudi na kitu. Pikipiki zenyewe zina injini ya sentimita za ujazo 500, zinatumia methanoli badala ya petroli, zina gia moja, na breki hazina kabisa, hivyo kwamba mpandaji, akifika kwenye kona, hana dawa ya kupunguza kasi ila kuliachia gurudumu la nyuma liteleze upande, ilhali mguu wake wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, unaburuzika ardhini. Mchezo huo ulipata umbo lake Australia katika miaka ya 1920, ukavuka kwenda Uingereza mwaka 1928, na Waswidi walipoanzisha ligi yao mwaka 1948 waliutia katika damu, wakatoa mabingwa kama Ove Fundin, aliyeutwaa ubingwa wa dunia mara tano kati ya 1956 na 1967, na baada yake Tony Rickardsson, aliyeutwaa mara sita.

Lakini jambo linalonivuta mimi si vikombe, bali ni udogo wa mahali vinakotoka. Målilla, katika jimbo la Småland, ni mji ambao wakazi wake hawafiki 2,000, nao una kiwanja chake na timu yake iitwayo Dackarna, jina lililotokana na Nils Dacke, mkulima aliyewaongoza wenziwe kumwasi mfalme wa Sweden katika miaka ya 1540. Hallstavik, mji wa kiwanda cha karatasi, una Rospiggarna. Na huko Vojens, kusini mwa Denmark, Ole Olsen, bingwa wa dunia wa mwaka 1971, 1975 na 1978, hakutosheka na kushinda katika viwanja vya watu, bali mwaka 1975 alifungua kiwanja karibu na alikozaliwa, na miaka 13 baadaye, mwaka 1988, fainali ya dunia ikachezewa hapo hapo, na mshindi akawa Mdenmark mwenziwe, Erik Gundersen. Huko mtoto wa fundi, anayesikia pikipiki zikivuma kila wiki ya kiangazi nyuma ya nyumba yao, hujua kwamba timu ile ni yao, na kwamba lango la kiwanja, iwapo atajitahidi, litamfungukia naye. Neno hili naliweka hapa kando; nitalirudia.

Huku kwetu nako mambo yangaliweza kushika mkondo huo wa duara, kwani baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwako walowezi waliokwenda kushindana kwa magari katika kiwanja cha Langa Langa, kwenye Bonde la Ufa. Imepokewa kwamba Eric Cecil, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mbio hizo, alimwomba binamu yake, Neil Vincent, aje kushindana Langa Langa, naye Vincent akakataa, akisema kwamba haoni jambo la kuchosha kama kuzunguka na kuzunguka tena juu ya ardhi ile ile. Lakini kama Cecil angetengeneza mashindano ambayo watu wataingia katika magari yao, wafunge milango, waikate nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi, hapo yeye angekuwa tayari. Pengine alisema kwa kujitoa tu katika ombi la ndugu yake. Cecil, hata hivyo, aliyachukua maneno yale kwa uzito wote, na nafasi ya kuyatimiza ikapatikana mwaka 1953, London ilipokuwa ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Mashindano yakapewa jina la Coronation Safari, yakaanza tarehe 27 Mei, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kumalizika tarehe 1 Juni, siku moja kabla ya kutawazwa kwenyewe.

Haifai kuyataja hayo kama kwamba nchi ilikuwa katika arusi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952, na majuma saba tu kabla ya magari hayo kuondoka, tarehe 8 Aprili, Jomo Kenyatta na wenziwe watano walikuwa wamehukumiwa kifungo huko Kapenguria. Mwafrika aliyesimama kandokando ya njia siku zile akiyatazama magari yakipita, aghalabu alikuwa mtu asiyeweza kusafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kuonyesha karatasi. Na waliokuwa ndani ya magari walikuwa wakizivuka nchi tatu kwa ajili ya furaha yao. Mchezo huu ulizaliwa na dosari hiyo, na dosari hiyo imeufuata mbali kuliko wengi wanavyopenda kukiri.

Kanuni za mwanzo, nazo, zilikuwa na hekima ya pekee. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, na ilitakiwa yawe kama yalivyouzwa, kwa hiyo karani au mkulima aliyetaka kujua gari gani litaistahimili njia ya nyumbani kwake alikuwa na haki ya kuyachukua matokeo kuwa ushahidi. Volkswagen, ile tuliyoifananisha na mgongo wa kobe, ilijipatia sifa humo, na Vic Preston akaipeleka kwenye ushindi mwaka 1954. Peugeot 404, na baadaye 504, zilipata humo jina lililozifanya kuwa teksi za masafa marefu kotekote Afrika Mashariki, na mzee aliyesafiri kutoka Nairobi hadi Kisumu akiwa amebanwa katika kiti cha nyuma cha Peugeot alikuwa, pasipo kujua, akiishi ndani ya natija ya Safari.

Baadaye mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, na Pasaka huku kwetu ni masika. Hapo ndipo ilipokuwa siri yote. Njia iliyokuwa vumbi jeupe asubuhi ilikuwa mto ifikapo adhuhuri, na udongo mweusi wa nyanda hizi za Athi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, ukilowa huwa kama ulimbo, ukalishika gurudumu na kulifunga hata lisiweze kugeuka. Kwenye milima ya Taita njia zilijipinda kando ya magenge huku ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye taa za gari. Fauka ya hayo, barabara hazikufungwa: dereva wa Safari, akiwa katika mwendo wa kasi, aliweza kukutana na basi la abiria, na ng'ombe wa mtu, na twiga, na mlevi anayerudi nyumbani. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na yaliyorudi yakawa tena 7. Na ajabu ni kwamba mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu yule yule, Nick Nowicki, mwenye asili ya Poland aliyefanya Kenya kuwa nyumbani kwake, akiwa na msoma ramani yule yule, Paddy Cliff, na gari la aina ile ile, Peugeot 404. Jambo kama hilo haliletwi na bahati. Aliyeishi na masika haya aliijua rangi ya maji yanayoficha shimo na rangi ya maji yanayoficha changarawe ngumu; alijua kwamba mto uliofurika usiku huenda ukapitika alfajiri, na kwamba ni heri kuzima injini na kungoja kuliko kuingia. Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake, Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 mfululizo. Hii ndiyo iliyokuwa timu yetu ya nyumbani: watu wasiovaa sare moja, waliounganishwa na kuyajua matope.

Kati yao wote aliyeingia katika ulimi wa watu ni Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, na aliyeitwa Simba wa Kenya. Mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544, na gari lenyewe halikuwa jipya, bali lilikuwa limeletwa na timu ya kiwanda kutoka Sweden kwa Safari ya mwaka uliotangulia, likapigwa na barabara zetu mpaka likaonekana halifai tena kurudishwa kwao. Waswidi walilileta likashindwa. Msingasinga wa Kericho akalitengeneza, akalishindisha. Alirudia kushinda mwaka 1974 na 1976, na kwa miaka mingi mtu aliyeendesha gari kwa fujo, hata likiwa tingatinga la shamba, aliulizwa na polisi wa barabarani kama anajidhani Joginder.

Sasa tufike kwa wageni wa kaskazini, kwani kisa chao na barabara zetu ni kisa cha mapenzi yaliyokataliwa kwa muda mrefu. Watu wa Skandinavia walikuwa mahodari wa kuteleza, kwa kuwa hukua wakiendesha magari juu ya barafu na njia za changarawe za misituni, na ustadi wao kwa gari ni ule ule wa mpanda pikipiki katika kiwanja cha Målilla: kuliacha gurudumu la nyuma litangulie upande kabla ya kona na kulirekebisha kwa mafuta. Walipoisikia Safari walidhani matope ni theluji yenye rangi nyingine, na hilo ndilo kosa lililowagharimu karibu miaka kumi.

Aliyekuwa mkubwa wao, kwa jina na kwa kiwiliwili, ni Erik Carlsson, mtu mrefu na mpana aliyejikunja ndani ya Saab 96, gari dogo lenye injini ya mipigo miwili, isiyofika lita moja, yenye kuvuma kama pikipiki. Kwao Sweden alikuwa amekwisha kutungiwa jina la utani la Carlsson wa juu ya paa, kwa wingi wa magari aliyoyapindua. Mwaka 1963 alikuwa akiongoza, na mbele hapakuwa na mtu wa kumtisha, ndipo usiku muhanga mmoja, mnyama atokaye shimoni kutafuta mchwa, alipojikuta katika njia yake. Gari likavunjika, na uongozi ukaishia hapo. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na mwenziwe Gunnar Palm, na mahali fulani Saab ikazama katika tope. Wanasimulia kwamba Carlsson, baada ya kuona kwamba kuisukuma hakufai na kuivuta hakufai, aliushika ubavu wa gari, wakalibingirisha yeye na Palm, paa chini magurudumu juu, mpaka likaangukia kwenye ardhi ngumu, wakaingia na kwenda zao. Na kwamba walipofika Nairobi na waandishi wa habari wakakataa kusadiki, alilibingirisha tena mbele ya macho yao. Hata kwa ushujaa ule hakuambulia zaidi ya nafasi ya pili, nyuma ya Peter Hughes wa hapa hapa Kenya katika Ford Cortina. Carlsson hakuishinda Safari maisha yake yote.

Basi miaka ikapita, na kila Pasaka wageni wakaja na magari yaliyong'aa, wakarudi na hadithi. Mpaka mwaka 1972, katika mbio za ishirini tangu Safari kuanza, Hannu Mikkola wa Finland alipolifikisha Ford Escort mwishoni likiwa la kwanza, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Na aliyekaa kando yake akisoma njia alikuwa Gunnar Palm, yule yule aliyewahi kulibingirisha gari topeni na Carlsson miaka minane nyuma. Sijui kama katika michezo mingine iko subira iliyolipwa kwa namna nzuri zaidi ya hiyo. Palm hakushinda kwa kuja na gari bora tu. Alishinda kwa kuwa alikwisha kulala katika matope haya, akayasoma kama mwanafunzi asomavyo chuoni.

Wenyeji hawakusalimu amri kwa siku moja. Mwaka 1973, Safari ilipoingizwa katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya katika msukosuko wa Waasia kufukuzwa na Idi Amin, alimaliza sawasawa kabisa na Harry Källström wa Sweden kwa hesabu ya adhabu, na ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kutiwa doa la kwanza. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alikuwa akielekea kushinda kwa Porsche, ikamvunjikia chini, na Joginder akapita. Lakini mlango ulikwisha kufunguka. Ove Andersson alishinda mwaka 1975. Waldegård mwenyewe alilipiza mwaka 1977, tena 1984, tena 1986, na mwisho 1990, akiwa na umri wa miaka 46. Ari Vatanen wa Finland mwaka 1983. Na Juha Kankkunen, mwaka 1985, alishinda katika Safari yake ya kwanza kabisa. Mehta, aliyeshinda mara nne mfululizo toka 1979 hadi 1982, ndiye aliyesimama kama mwamba katikati ya mafuriko hayo, na mara zake tano kwa jumla hajazifikia mtu hata leo.

Nilikuwa mtoto katika miaka hiyo ya mwisho ya Waldegård, na baba yangu alitupeleka upande wa Athi River, tukakaa juu ya tuta kabla ya jua kuchomoza, tukiwa na chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Kwanza huja sauti ya helikopta, iliyotangulia kumwonya dereva kuhusu mifugo na mabasi; kisha umbali mrefu likaonekana vumbi, kama moshi wa treni; kisha ngurumo, kishindo, kokoto usoni, na gari limekwisha kuwa mgongo. Ni kitambo cha sekunde tatu, na kwa ajili yake watu walikuwa wametembea usiku kutoka vijijini. Baada ya hapo watoto wa Ukambani, ambao mikono yao haijui kukaa bure, walirudi nyumbani wakakata waya na vipande vya kandambili, na kwa mwezi mzima kila kijia cha kisimani kilikuwa na Safari yake, na kila kigari cha waya kilikuwa na namba ubavuni.

Hapa ndipo ninaporudia lile neno nililoliweka kando. Katika Safari sisi tulikuwa na uwanja mkubwa kuliko wa Målilla mara elfu, lakini kile walichokuwa nacho watu wa Målilla sisi hatukuwa nacho, yaani timu ambayo mtoto wa fundi anaweza kuingia. Barabara ilikuwa yetu sote, na kutazama kulikuwa kwetu sote, ilhali usukani ulikuwa wa wachache: walowezi na watoto wa walowezi, wafanyabiashara wa Kiasia na watoto wao, na baadaye viwanda vya Ulaya na Japani. Mwafrika alikuwa fundi wa usiku kucha katika kambi za matengenezo, alikuwa karani wa kituo cha ukaguzi, alikuwa kijana wa kulisukuma gari lililokwama kisha akabaki na matope kifuani. Walikuwako waliouvunja mpaka huo, na ni wajibu kumtaja Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne mwaka 1994 kwa Subaru, mwaka ule ule Ian Duncan alipokuwa Mkenya wa mwisho kuishinda Safari ya ubingwa wa dunia; na jina la Njiru likaingia midomoni mwa makondakta wa matatu kwa fahari kama lilivyoingia la Joginder. Lakini mtu mmoja si ligi. Wakati Målilla inazalisha wapandaji wake mwaka kwa mwaka, sisi tulizalisha watazamaji.

Uwanja wenyewe nao ulikwisha kuanza kupunguka. Katikati ya miaka ya 1970 siasa ilikuwa imezitenganisha nchi tatu, na Safari ya Afrika Mashariki ikawa ya Kenya peke yake. Lami ilipotambaa na magari ya abiria yalipoongezeka, kuendesha kwa kasi katika barabara iliyo wazi kukawa ni kucheza na roho za watu. Na kutunza timu yenye helikopta, ndege na magari ya vipuri katika maelfu ya kilomita kukawa gharama isiyobebeka. Baada ya ushindi wa Colin McRae mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, na ikakaa nje miaka 19.

Ilirudi Juni 2021, na watu wengi walilia kwa furaha, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini niliposoma ramani yake nilitambua kwamba haikurudi ile iliyoondoka. Zile kilomita elfu tano na zaidi zilikuwa zimebaki kama 320 za kushindaniwa, karibu zote upande wa Naivasha, katika Kedong, Loldia, Soysambu na Sleeping Warrior, mashamba na hifadhi zenye lango na mlinzi. Na sehemu ya kwanza kabisa ilikuwa Kasarani, mwendo usiofika kilomita tano, ambapo magari yalizunguka kiwanjani mbele ya umati uliojipanga. Ile duara aliyoikataa Neil Vincent miaka 70 kasoro iliyopita, imekuja yenyewe ikatupata. Sisemi kwamba waliopanga wamekosea, kwa kuwa usalama wa watoto walio kando ya njia ni mkubwa kuliko shauku ya wazee. Nasema tu kwamba mtu wa Ukambani aliyekuwa akitoka nyumbani na chupa ya chai, akatembea hadi barabarani, sasa inambidi apate nauli ya Naivasha. Na maadamu tumeingia ndani ya kiwanja, ingetupasa basi tuchukue na lile jema la viwanja: shule ya vijana, timu ya mtaa, na pikipiki kuukuu za kujifunzia kuanguka na kuinuka.

Kwani vijana wapo. Februari 2022 McRae Kimathi, kijana wa Kenya aliyepewa jina la mshindi yule wa mwaka 2002, alikwenda Umeå, kaskazini mwa Sweden, kushindana katika daraja la vijana la ubingwa wa dunia, juu ya theluji ambayo Carlsson na Palm waliiacha walipokuja kujifunza matope yetu. Na hapa Mlolongo, kwenye kila steji ya bodaboda, wapo wavulana ambao hupita kati ya trela mbili zinazotembea, wakiwa na abiria wawili na gunia la makaa, kwa namna ambayo mtu wa Vojens angesimama na kuitazama. Hawajui mchezo wowote wa pikipiki wenye kanuni, kofia nzuri na daktari kando ya uwanja. Wanajua barabara tu, na barabara inawala.

Tangu mwaka 2022 barabara nyingine imeanzia hapa kwetu, inayokwenda kilomita 27 hadi Westlands, mahali pengine juu ya nguzo, na pikipiki haziruhusiwi kuipanda. Jioni, mizani ikiwa imejaa na malori yamefuatana hadi mbali kuelekea Athi River, wavulana hao hukaa juu ya matangi ya pikipiki zao wakingoja abiria, na magari yaendayo kasi hupita juu ya vichwa vyao. Sauti zake husikika, lakini kwa aliye chini hayaonekani.